Kabla ya kukataa kisu, mtazameni mguu

Kaka yangu aliumia msimu wa karafuu, kijijini kwetu karibu na Wete, Pemba. Mvua imeanza, karafuu bado zimo juani, kila mtu anakimbilia majamvi. Akainama kunyanyua gunia, kiuno kikamkata. Usiku ule maumivu yakashuka nyuma ya paja hadi kwenye wayo.

Kipimo kilionyesha diski, ule mto laini ulio kati ya pingili za chini za mgongo, imetokeza na kubana mshipa wa fahamu. Daktari akampa dawa na mazoezi, akasema upasuaji upo ikibidi. Mama hakutaka hata kulisikia neno hilo. "Mwanangu, mgongo haupigwi kisu. Utakuja kuwa mtu wa kubebwa." Nikamuunga mkono.

Na kungoja kwenyewe si ujinga. Diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa 2007 ulifuata wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya aina hii. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka, lakini baada ya mwaka asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona. Kati ya walioanza kwa kungoja, asilimia 39 waliishia kupasuliwa. Kwa hiyo mwenye maumivu matupu, mimi bado namwambia asubiri, atembee, afanye mazoezi, asilale kutwa.

Ila anayengoja lazima apimwe tena na tena, na sisi hatukufanya hivyo. Tulimwita fundi wa kuchua, akawa anamkandamiza kiuno mara mbili kwa wiki na kutwambia mishipa inajipanga.

Wiki ya saba tulikwenda msikitini pamoja. Kandambili yake ya kulia ikabaki njiani, naye akaendelea kutembea hadi penye maji ya udhu, hajui kama mguu u mtupu. Nilimwambia anyanyue kidole gumba. Akakikazia macho, uso ukamtoka jasho. Hakikunyanyuka.

Alipasuliwa Unguja. Maumivu yalikwisha siku chache tu, lakini wayo haujarudi wote; mpaka leo hujikwaa kizingitini. Zile wiki za kuchuliwa zinaniuma. Mguu ukianza kulegea, nasema bila kusita: mgonjwa aonwe na mpasuaji siku hiyohiyo. Tangu 2014 katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, pana kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, si lazima tuvuke bahari hadi Dar es Salaam.

Lipo na jambo ambalo watu wetu huona haya kulitaja: ganzi baina ya mapaja, mkojo kuziba au kutoka bila mtu kujijua. Hapo hakuna cha kungoja hata usiku mmoja. Mke amuulize mumewe waziwazi, mtoto amuulize babake.

Jirani yetu aliposhikwa na kiuno mwezi uliopita, Mama hakutaja kisu. Alimsimamisha, akamtaka atembee kwa visigino kutoka barazani hadi kwenye mnazi, naye akawa anamtazama miguu.