Tundu la USB-C linalosusa chaja

Tochi mpya, tundu lake ni USB-C. Unachomeka waya wa C kwa C, wenye plagi ya USB-C ncha zote mbili, kwenye chaja nzuri ya simu. Kimya, hata taa haiwaki. Unadhani imekufa, kumbe nzima kabisa.

Chaja yenye tundu la C haimwagi umeme hovyo. Husubiri kwanza ihisi rezista (kijidude cha kuzuia umeme) ya kiloomu 5.1 upande wa kifaa, na kifaa kinatakiwa kuwa nazo mbili: moja kwenye pini ya CC1, nyingine CC2, yaani pini za tundu zinazohisi kilichochomekwa, moja kwa kila upande wa plagi. Mtengenezaji kabana matumizi, kaziacha. Vidude vidogo kama punje za mchanga! Wengine huweka moja tu, ndiyo maana kuna vifaa vinavyokubali chaji plagi ikiingia upande huu na kugoma ukiigeuza, wakati sifa kuu ya USB-C ni kuingia upande wowote.

Dawa ni waya wa A kwa C, ule wenye plagi pana ya USB ya zamani upande wa chaja, kwa sababu tundu la A hutoa volti 5 muda wote bila kuuliza. Kwa hiyo ile chaja ya zamani uliyotaka kuitupa, ibakize. Na kwenye boksi la tochi wameandika “USB-C” kwa herufi kubwa, bila haya.