Tarishi Anayefungua Mafaili

Darasani tulifundishwa kwamba thalamasi ni tarishi wa ubongo. Imejificha katikati ya kichwa, inapokea habari za macho, masikio na ngozi, inazipeleka juu kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, basi. Kufikiri ni kazi ya wakubwa wa ghorofani.

Picha hiyo inayumba ukichungulia kile kifundo cha thalamasi kinachohudumia macho. Miunganiko inayofika kwenye seli zake kutoka jichoni ni kama 1 kati ya 10, pengine pungufu. Mingine mingi inashuka kutoka kwenye gamba lenyewe. Tarishi gani huyu anayepokea maagizo mengi kuliko barua? Wanasayansi wa ubongo Murray Sherman na Ray Guillery walikwenda mbali zaidi: walisema sehemu kubwa ya thalamasi hubeba ujumbe kutoka eneo moja la gamba kwenda jingine. Yaani hata wakubwa wanapotaka kuongea wao kwa wao, hupitia kwake.

Kisha kuna yule Mmarekani wa miaka 38, aliyeumizwa kichwa katika shambulio na kukaa zaidi ya miaka sita akiwa na fahamu hafifu mno. Mwaka 2007 daktari wa ubongo Nicholas Schiff na wenzake walieleza jinsi walivyopitisha umeme katikati ya thalamasi yake. Akaanza kutamka maneno yanayoeleweka na kula kwa mdomo.

Wanaotetea gamba nao wana la kusema, na si dogo. Harufu ya samaki anayekaangwa hufika kwenye gamba bila kupita kwanza kwenye thalamasi, na bado unaisikia vizuri tu. Halafu miaka ya 1970, Uingereza, mwanasaikolojia Lawrence Weiskrantz alimpima mtu aliyeondolewa sehemu ya gamba la kuonea. Akiambiwa akisie taa iko wapi katika upande aliopoteza kuona, alinyoosha mkono karibu kabisa na penyewe, huku akishikilia kwamba haoni kitu. Njia zilizo chini ya gamba zilikuwa kazini; kuona, kwa maana ya mtu kujua kwamba anaona, hakukuwepo.

Mimi naegemea kwa Sherman na Guillery, ila si kwa wale wanaotaka kumkabidhi tarishi ofisi nzima. Hata yule mgonjwa wa Schiff, vipimo vilivyofanywa kabla ya upasuaji vilionyesha kuwa maeneo ya lugha kwenye gamba lake yalikuwa bado yanaitika. Umeme haukumpa maneno. Ulimwamshia aliyokuwa nayo.