Sikuchoma nyama: ukweli wa ile video ya kanga

Jamani kabla hamjaendelea kuifowadi ile video naomba dakika tano zangu. Sikuchoma nyama sebuleni. Sikuwa napunga shetani. Aliyevaa kanga kwenye theluji ni mimi, hilo sikatai maana hata miguu mmeiona, lakini Ripota (jirani yangu wa ghorofa ya pili, Mkenya, jina lake nalihifadhi kwa sababu jeki yake ya gari bado ninayo) kaanza kurekodi mambo yameshafika mwisho, halafu kaandika maneno yake chini eti nachoma nyama na kupunga shetani, halafu kaituma kwenye grupu la watu wa Afrika Mashariki hapa Minneapolis saa tano usiku. Saa tano na nusu ilikuwa Tanga. Nitaeleza Tanga iliingiaje.

Mnaonifuata tangu zamani nyumba yangu mnaijua. Jengo la matofali la zamani, ghorofa ya tatu, madirisha ya mbao yale ya kusukuma juu, hita za umeme za kandokando ya ukuta, na bili ya umeme nalipa mwenyewe. Ya Desemba ilikuja dola 214. Mke wangu akaisoma, akaibandika kwenye friji, akaenda kupika. Hakusema neno. Waliooa Tanga wanajua kimya kile kinagharimu kiasi gani.

Na baridi yenyewe, kwa ambao hamjafika, msinipigie stori za Lushoto. Lushoto nimelala, nimevaa sweta moja nikaona nimekoma. Huku Januari 2019 ilishuka mpaka nyuzi 28 chini ya sifuri za Farenhaiti, kama 33 za kwetu za Selsiasi, posta wakasimamisha kupeleka barua. Mwaka ule nilikuwa mgeni, nikadhani simu imeharibika nikaizima nikaiwasha.

Sasa tatizo la nyumba yangu si hita, hita zinafanya kazi mpaka zinanuka vumbi. Tatizo ni upepo. Unakaa kwenye kochi unaona pazia linapumua lenyewe. Joto ninalolinunua kwa dola linatoka nje kwenda kuwapasha moto ndege.

Basi Jumamosi mke yuko shifti ya usiku, nikasema leo naziba. Nilikwenda dukani na dola 30 na nikarudi na chenji. Nilinunua ile nailoni ya madirisha, unabandika selotepu ya kunata pande mbili kuzunguka fremu nzima, unatandaza nailoni juu yake, imekunjamana kama shuka la gesti, halafu unapitisha blodraya ya nywele. Wallahi ile kitu ni tamu. Ile mikunjo inajivuta yenyewe, inanyooka mpaka unadhani hakuna kitu pale, ukiigonga kwa kidole inalia dum kama ngoma, na kati ya nailoni na kioo panabaki hewa imetulia, hiyo hewa ndiyo blanketi lenyewe. Nilifanya madirisha yote manne, masaa matatu na nusu, na blodraya ya mke wangu ilianza kunuka lakini hilo nitaliongelea siku nyingine.

Mlango wa korido nao una uwazi chini unaweza kupitisha sambusa. Nikachukua taiti ya mke wangu ya zamani (anasema haikuwa ya zamani), nikakata mguu mmoja, nikajaza mchele, nikafunga fundo huku na huku, nikapata nyoka mnene wa kulaza chini ya mlango. Dirisha dogo la bafuni, ambalo nailoni haikutosha, nikalisindilia kikoi changu. Mlango wa stoo nikauwekea taulo. Mlango wa chumbani, taulo. Taulo ya tatu nayo nikaikunja pale ukuta unapokutana na sakafu, kule kwenye kona yenye ubaridi wa mochwari.

Hesabuni taulo zilizobaki. Mimi sikuhesabu.

Nikaenda kuoga. Natoka naloa maji, natafuta taulo, hakuna. Natafuta kikoi, kiko dirishani kinalinda taifa. Nikavuta kanga ya mke wangu nikajifunga, mwanaume niko kwangu peke yangu, nani ananiona. Mnaona ajali inavyojipanga taratibu?

Sasa kuna jamaa kazini tunapakia naye mizigo, mzawa wa huku, aliniambia ukimaliza kuziba usiamini macho, washa kijiti cha ubani, pitisha taratibu pembezoni mwa dirisha, pale moshi unapopinda ndipo upepo unapoingia. Ushauri mzuri kabisa, na unafanya kazi. Kijiti kimoja, alisema. Kijiti.

Kijiti sina. Ila nina chetezo. Nina vile vidonge vya makaa. Na kwenye kabati la mke, nyuma ya masweta, ndani ya kopo la maziwa, ndani ya kitambaa, kuna udi, ule aliopewa na mama yake akauweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake mwezi wa tatu. Nikasema nakata kipande kidogo, nani atajua. Kidonge kimoja moshi ukawa mwembamba, hauonekani vizuri. Nikaweka vidonge vitatu. Nikaongeza ubani, ule wa mawe, konzi moja.

Sasa hapo moshi ukawa moshi.

Nikaanza kuzunguka na chetezo kama somo anamfukiza mwari. Dirisha la kwanza, moshi umenyooka, unapanda juu kama mstari. Safi. La pili, safi. Nikaanza kuimba. Nikafika ukuta wa nje nyuma ya kochi, moshi ukapinda ghafla ukanirudia usoni, nikainama kuangalia, na hamtaamini, upepo ulikuwa unatoka kwenye soketi ya umeme! Matundu ya plagi yanapuliza kama mtu anapoza chai. Miaka yote nalaumu madirisha kumbe nyuma ya ile plastiki ya soketi ukuta uko wazi. Dawa yake ni kisponji kimekatwa umbo la soketi, unazima umeme wa hiyo laini, unafungua skurubu moja, unakipachika nyuma ya kifuniko, basi. Pakiti nzima niliiona dukani asubuhi, dola nne, nikaipita nikasema hawa watu wanauza kila kitu.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale nafurahia ugunduzi wangu ndipo kengele ya moshi ya sebuleni ikaanza.

Hebu sasa twende polepole maana Ripota hapa hakuwepo.

Kengele inalia juu ya kichwa changu. Fungua dirisha, ndiyo akili ya kwanza. Nikalikimbilia dirisha, mikono ikagonga nailoni. Dum. La pili. Dum. Nimeziba nyumba nzima kwa mikono yangu, na nimeziba vizuri, hakuna fundi angeziba vile. Kuichana? Masaa matatu na nusu, ndugu zangu, roho ilikataa. Nikapeleka chetezo bafuni nikakiweka kwenye beseni nikakifungulia maji ya baridi, kikasema pah! kikapasuka vipande viwili, na mvuke ukapanda ukaungana na moshi, sasa nina mawingu ya aina mbili. Nikapepea kengele kwa mkeka. Haisikii. Basi nikafanya lile jambo ambalo hupaswi kulifanya kabisa ukiwa unaishi ghorofa: nikafungua mlango wa korido ili moshi utoke.

Kengele ya ndani inalia kwako peke yako. Ya korido inaliamsha jengo zima. Mimi hilo nimelijua Jumamosi saa nne na dakika ishirini usiku.

Na wakati navuta mlango kwa nguvu yule nyoka wa mchele akabanwa chini, taiti ikachanika, mchele ukamwagika kuanzia kizingitini mpaka karibu na ngazi. Basmati.

Korido nzima milango inafunguka, taa zinamwekamweka, watu wanashuka na paka, watoto, bibi mmoja na kasuku wake ndani ya tundu, na wote wanakanyaga mchele kruch kruch na wananusa. Niliokota jaketi langu la baridi nyuma ya mlango, miguu nikaichomeka kwenye ndala, nikashuka nao. Juu mwanaume wa Minnesota, chini mama wa Chumbageni.

Nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, Selsiasi. Ile baridi ikiingia chini ya kanga haina adabu. Nywele zangu zilizoloa ziligeuka waya. Nikajibana nyuma ya kichaka kisicho na majani, yaani nimejificha nyuma ya vijiti, na nilikuwa nimeshaamua kukaa kimya mpaka watu warudi ndani, nihame kesho. Gari la zimamoto likafika. Refu, jekundu, na taa zake zinatumulika wote kama jukwaani. Wakashuka wanne na mitungi mgongoni. Mkubwa wao akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe: moshi umetoka nyumba gani?

Kimya. Mimi naangalia theluji. Theluji ni nzuri ukiiangalia vizuri.

Yule mzee wa Kimarekani wa ghorofa ya kwanza akasema, kwa nia njema kabisa, yeye anahisi kuna harusi juu, maana kuna manukato na mchele umemwagwa. Kwao harusini wanarusha mchele. Watu wote wakageuka. Udi, mchele, na kwenye vijiti pale kuna mtu mmoja amevaa gauni la maua. Nikainua mkono. Ni mimi, nikasema. Mkubwa wa zimamoto akaniambia nitangulie nimwonyeshe.

Kutoka kwenye kile kichaka mpaka mlangoni ni hatua kama ishirini. Nilizipiga mbele ya wapangaji karibu arobaini, ndala zinateleza, mkono mmoja umeshika jaketi mwingine umeshika fundo la kanga maana upepo nao ulikuwa na mipango yake, na nyuma yangu wanafuata zimamoto wanne mstari mmoja. Na mnajua kanga ikikaa kiunoni jina linaangukia wapi. Wazungu hawajui kusoma, nikajifariji. Ndipo nikasikia kicheko cha Kiswahili. Kicheko cha Kiswahili unakijua tu. Ripota kashika simu, machozi yanamtoka, anasoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio maandishi yaliyokaa juu ya makalio yangu, mbele ya zimamoto wanne wanaoingia kwangu:

MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Karibuni wageni!" akapiga kelele. "Buda, nyama iko tayari?"

Nyie. Nimewahi kufeli mtihani, nimewahi kukataliwa na binti mbele ya mama yake, sijawahi kutembea safari ndefu kama ile.

Mengine haraka haraka maana mnajua. Waliingia, wakakuta chetezo kilichokufa kwenye beseni, mmoja akauliza ni kifaa gani, nikasema ni cha kutafutia upepo, akaandika. Wakapima hewa na kile kimashine, mkubwa wao akaniweka kando akanisema taratibu bila kucheka, na kutokucheka kwake ndiko kuliniuma: makaa ndani ya nyumba iliyozibwa namna ile yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu haina rangi, ungelala usingeamka. Hapo kweli nilinyamaza. Halafu akatoa kisu akachana nailoni zangu. Zote nne. Wakasukuma madirisha juu yote kutoa moshi, nusu saa nzima, nimekaa kitandani na jaketi na buti nasikiliza hita zinavyolia na nikiwaza bili. Meneja wa jengo kabandika tangazo mlangoni kuhusu "shughuli za moshi", hajataja jina, kachora tu picha ya chetezo.

Tanga sasa. Grupu la huku lina shemeji yangu, shemeji ana grupu la familia, na kwenye grupu la familia yumo mama mkwe, ambaye huwa anaamka kuswali alfajiri na simu mkononi. Huku ni usiku kule kumekucha. Akapiga yeye.

"Mkwe wangu hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Hiyo kanga si ile niliyompa mwanangu?"

"Ndiyo mama."

"Imekukaa." Akanyamaza kidogo. "Na watu wanaandika hapa jengo zima limenukia udi. Udi gani huo baba?"

Nikasema mtandao unakatika mama, sikusikii vizuri.

Mke karudi asubuhi. Jengo bado linanukia kuanzia parkingi, kwa hiyo alijua kabla hajafika ghorofani. Hajaongea mpaka leo Jumanne. Ile bili ameitoa kwenye friji, pale amebandika kile kitambaa kitupu cha udi.

Visponji vya soketi nimeshanunua, dola nne, nimepachika, na nakiri kochi sasa linakalika. Ila kama kuna mtu anatoka Unguja au Muscat au Dubai mwezi huu na ana nafasi ya tola moja ya udi mzuri kwenye begi, aje inbox. Si lazima aseme hodi.