Albamu ya pili ya Big Boi ilihukumiwa haraka mno

Mjadala wowote wa OutKast, kundi la rap la Big Boi na André 3000, ukimfikia Big Boi akiwa peke yake huchukua mkondo uleule. Albamu yake ya kwanza, Sir Lucious Left Foot ya Julai 2010, inamwagiwa sifa, kisha Vicious Lies and Dangerous Rumors ya Desemba 2012 inarukwa, au inatajwa kuthibitisha kwamba mchanaji huyu wa Atlanta alipoteza dira. Wanaosema hivyo si watu wa kubeza. Wengi wamemfuata tangu 1994, na hoja zao zina uzito. Lakini albamu hiyo ya pili haikusikilizwa kwa haki, na tatizo lilianza muda mrefu kabla haijarekodiwa, katika namna tulivyojizoesha kuwagawa hawa wawili.

Mgawanyo wenyewe unafahamika. André 3000 ndiye mwenye maono, mavazi ya ajabu na gitaa. Big Boi ni mtoto wa mtaani, mtu wa mistari, aliyekuwepo ili kundi lisipae likapotelea mawinguni. Mwaka 2003, walipotoa Speakerboxxx/The Love Below kila mmoja akiwa na diski yake, wengi waliona jambo limekwisha. Kumbe hata ushahidi wa mwaka ule haukubali kugawanywa hivyo. "Hey Ya!" ya André ilikaa kileleni mwa Billboard Hot 100, chati kuu ya nyimbo Marekani, kwa wiki 9, na iliyoishusha ni "The Way You Move", wimbo wa upande wa Big Boi akiwa na mwimbaji Sleepy Brown. Diski ya Big Boi, baada ya utangulizi, inaanza na "GhettoMusick", unaokimbia kwa kasi ya muziki wa klabu kisha ghafla unatulia kwenye soul ya taratibu yenye sauti ya Patti LaBelle. André alikuwa na mkono katika kuutengeneza, ni kweli. Lakini aliyeuweka mlangoni mwa diski yake ni Big Boi.

Sasa hoja za upande wa pili. Ya kwanza ni wageni. Toleo la kawaida lina nyimbo 14, na ukishavuka utangulizi ni vigumu kumpata mwenye nyumba akiwa peke yake. Phantogram, kundi la muziki wa elektroniki kutoka jimbo la New York, wamo mara tatu. Little Dragon wa Sweden wamo mara mbili. Kuna Wavves na gitaa zao za rock, Kid Cudi, A$AP Rocky, Kelly Rowland, B.o.B, T.I., Ludacris, Killer Mike. Wakosoaji wanasema mtu aliyesubiriwa na mashabiki miaka yote ya ukimya wa OutKast amegeuka mshirikishwa ndani ya albamu yake: anachana kwa dakika moja, kisha kiitikio cha sauti laini kinachukua nafasi na kukaa muda mrefu kuliko inavyofaa. Baadhi ya nyimbo zinawapa haki. "Mama Told Me" imeng'arishwa mpaka imekosa jasho, na "Shoes for Running" ina viungo vitatu visivyokubaliana.

Hoja ya pili ni mshikamano. Sir Lucious Left Foot ilikuwa na uzito wa chini, besi nzito na talkbox (kifaa kinachofanya ala isikike kama inaongea), utani na majigambo ya kusini mwa Marekani, na ilijua inakokwenda. Ya pili inabadilisha hali ya hewa karibu kila wimbo. Hilo pia silipingi.

Hoja ya tatu ni ile ya namba, na hapa sikubali mambo yapite kirahisi, kwa sababu ndiyo inayorushwa kama nyundo. Albamu ya kwanza iliuza takriban nakala 62,000 katika wiki yake ya kwanza na kuingia nafasi ya 3 kwenye Billboard 200, chati ya albamu. Ya pili iliuza takriban 30,000 na kuingia nafasi ya 34. Kutoka 3 hadi 34, watu wanasema, basi soko limeshatoa hukumu.

Lakini tazama namba hizo kwa utulivu. Mauzo yalipungua kwa karibu nusu, wakati nafasi kwenye chati ilianguka kwa ngazi 31. Mambo hayo mawili hayalingani, na sababu ni kalenda. Julai ni mwezi mkavu wa mauzo ya muziki Marekani, na albamu hupanda juu kwa nakala chache. Katikati ya Desemba watu wananunua zawadi za Krismasi, albamu za zamani na za sikukuu zinauzika upya, na lebo zinaachia majina makubwa kwa pamoja. Vicious Lies ilitoka tarehe 11 Desemba, siku moja na Unorthodox Jukebox ya Bruno Mars na Jesus Piece ya The Game. Awali ilipangwa kutoka Novemba, ikasogezwa. Nakala zilezile 30,000 katika wiki tulivu ya kiangazi zingeiweka juu zaidi kwa mbali. Kwa hiyo nafasi ya 34 inatueleza zaidi kuhusu mwezi kuliko kuhusu muziki.

Bado zinabaki nakala 32,000 zilizopotea, na hizo hazielezwi na kalenda. Zinaelezwa kwa sehemu na wakati wenyewe. Mwaka 2012 mauzo ya albamu yalikuwa yanaporomoka kwa karibu kila mtu, huku usikilizaji ukihamia mtandaoni, na Billboard 200 ilianza kuhesabu usikilizaji wa mtandaoni mwishoni mwa 2014 tu. Hadhira aliyokuwa anaitafuta Big Boi kwa kuwaleta Phantogram na Little Dragon ni vijana ambao tayari walikuwa wanasikiliza kwa njia ambazo chati haikuziona.

Na kuna tabia ya kupima kila kitu cha Big Boi kwa kipimo cha 2003. Speakerboxxx/The Love Below ina cheti cha almasi, maana yake zaidi ya vizio milioni 10. Wanaoinukuu takwimu hiyo mara nyingi huacha kusema kwamba RIAA, chama cha kampuni za muziki Marekani kinachotoa vyeti hivyo, huhesabu kila diski ya albamu ndefu ya diski mbili kama kizio chake, hivyo nakala moja iliyonunuliwa inaingia mara mbili. Bado ni mauzo makubwa mno, hakuna anayebisha. Ila ukichukua namba iliyokuzwa na hesabu ya diski mbili, ya kundi zima, ya mwaka ambao watu bado walinunua CD, ukaiweka kando ya wiki moja ya mtu mmoja mwaka 2012, unakuwa umemhukumu kabla hajafungua mdomo.

Kuna sababu nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni watu wa ofisini. L.A. Reid ndiye ambaye lebo yake ya LaFace iliwatoa OutKast walipokuwa vijana wadogo. Baadaye, Big Boi alipokwama kwenye lebo ya Jive, ni Reid, akiwa kiongozi wa Island Def Jam, aliyempokea, na hivyo ndivyo Sir Lucious Left Foot ilivyopata kutoka. Jive waligoma kuruhusu sauti ya André itumike kwenye albamu itakayotolewa na kampuni nyingine, ndiyo maana "Royal Flush", waliyochana pamoja na mchanaji Raekwon, haimo. Lakini aliyeipigania albamu hiyo alikuwepo. Mwaka 2011 Reid aliondoka kwenda lebo ya Epic. Albamu ya pili ikatoka chini ya jengo lilelile, bila mtu aliyemjua msanii wake tangu ujanani. Mashabiki wanaona jina la Def Jam kwenye majalada yote mawili na kudhani msaada ulikuwa uleule. Si bahati tu kwamba kazi za Big Boi zilizofuata, Big Grams ya 2015 na Boomiverse ya 2017, zilitoka Epic.

Tuje kwenye muziki. Wanaosema Big Boi alikuwa anakimbiza mtindo wa siku wanasahau jinsi kolabo hizo zilivyopatikana. Phantogram hakuletewa na meneja. Alisikia wimbo wao kwenye tangazo lililochomoza kwenye kompyuta, akautafuta, akaupenda, akaanza kuwatangazia wengine. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka mingi amesema wazi kwamba Kate Bush, mwimbaji wa Uingereza, ni miongoni mwa wasanii anaowaenzi kuliko wote. Alipopata nafasi ya kufanya kazi na watu wa sauti za namna hiyo, aliwaleta Stankonia, studio yao ya Atlanta, wakarekodi chumba kimoja badala ya kutumiana mafaili. Anayekimbiza mtindo hahangaiki hivyo.

Msikilize kwenye "CPU". Mdundo ni wa taratibu, wa baridi, na kiitikio kinaelea. Mchanaji mwingine angepunguza kasi ili afanane na mazingira. Big Boi anafanya kinyume: anabana silabi, anazigawa mara mbili ndani ya kila pigo, kisha anasimama ghafla na kuacha nafasi. Mistari yake inakuwa ngoma ya pili iliyokosekana kwenye biti. Ni ufundi uleule wa Aquemini, albamu ya OutKast ya 1998, ila pale ulikuwa umezungukwa na besi na vinanda vya OutKast wenyewe na watayarishaji wao Organized Noize, hivyo haukuonekana kwa ukali huu. Kwenye "Lines", A$AP Rocky anapita kwa madaha ya kijana wa wakati huo, na Big Boi, aliyekuwa na umri wa miaka 37, anamfuata bila kujaribu kuwa kijana. Kwenye "Thom Pettie" yuko na Killer Mike, ambaye sauti yake iliingia kwenye albamu za watu kupitia OutKast mwaka 2000, na hapo katikati Little Dragon wanaweka mwanga ambao wawili hao peke yao wasingeuweka.

Na kwa anayedhani Atlanta imetupwa, "In the A" ipo. Big Boi, T.I. na Ludacris kwenye mapigo mazito, watu watatu waliolibeba jiji hilo kwa zaidi ya muongo mmoja. "The Thickets" ina Sleepy Brown na utamu wote wa zamani. Kwa maneno mengine, alichokizoea shabiki hakikuondolewa. Kiliongezewa majirani.

Kinachoniuma zaidi kuliko namba ni kutokuwa na usawa katika uvumilivu wetu. Novemba 2023 André 3000 alitoa New Blue Sun, albamu ya filimbi ya dakika karibu 87, bila mstari hata mmoja wa kuchana. Alipewa muda. Watu waliandika kuhusu ujasiri wake, na albamu iliteuliwa kuwania Grammy ya albamu ya mwaka. Mimi nilifurahi, kwa sababu msanii anapaswa kuruhusiwa kwenda anakotaka. Lakini miaka 11 kabla yake mwenzake alitoka nje ya uzio kwa hatua fupi zaidi, bado akiwa anachana karibu kwenye kila wimbo, tena akichana kwa kiwango cha juu, na akaambiwa amepotea. Sioni sababu ya kimuziki inayoeleza tofauti hiyo. Naiona sababu ya desturi: mmoja tulimpa ruhusa ya kutangatanga mwaka 2003, mwingine tukamkabidhi ulinzi wa nyumba.

Haki hiyo haifuti makosa ya albamu, na sitaki kumtetea mtu kwa kumsingizia ukamilifu. Nyimbo 14 ni nyingi mno kwa wazo hili. Ingekuwa na nyimbo 10, Phantogram na Little Dragon wakibebeshwa kazi kubwa zaidi na wageni wa redio wakipunguzwa, hoja ya mshikamano ingekufa. Mpangilio nao haumsaidii: nyimbo za mwishoni, "Tremendous Damage" na "Descending", ambamo majigambo yanakwisha na mtu mzima anatazama gharama ya maisha aliyoishi, zinafika wakati msikilizaji ameshachoka na kubadilishiwa hali ya hewa. Zingesogezwa katikati, albamu ingekuwa na moyo unaoonekana. Na kweli hakuna humu wimbo wa kulinganisha na "Shutterbugg" ya albamu ya kwanza kwa kukushika mara ya kwanza unapousikia.

Big Boi mwenyewe anaonekana kuwa aliuona udhaifu huo na kuurekebisha. Miaka mitatu baadaye yeye na Phantogram waliachia Big Grams: kazi fupi, jina moja, wageni wachache, sauti moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukiisikiliza hiyo kwanza, kisha ukarudi kwenye "Objectum Sexuality", "CPU" na "Lines", utazisikia nyimbo hizo tatu kama sehemu ya kwanza ya kazi ambayo mwaka 2012 ilikuwa bado haijapata jina.