Treki ya Kumi na Mbili

Kwanza niseme wazi: programu ya kuhariri sauti haikuwa na kosa. Ilifanya kila nilichoiamuru, bila kuuliza, bila kukunja uso. Ungekuwa umeajiri mtu mtiifu namna ile, ungemfukuza ndani ya wiki moja.

Shangazi alikuwa anastaafu baada ya kufundisha hisabati miaka 34. Ndugu wakaitisha kikao cha kupanga sherehe, na kwenye vikao vya ukoo wetu anayechelewa kufika hukuta amekwisha kupewa kazi. Nilichelewa. Nikakuta mimi ndiye mtu wa sauti: ndugu watume salamu zao kwa simu, mimi niziunganishe ziwe kitu kimoja cha dakika 20, chenye muziki laini kwa chini, kipigwe ukumbini baada ya chakula.

"Wewe si ndiye unayejua kompyuta," akasema Baba Mkubwa.

Mwaka uliotangulia nilimuunganishia printa. Katika ukoo wetu hiyo ni shahada.

Nikapakua Audacity, ndiyo programu yenyewe, kwa sababu ni ya bure na kila niliyemuuliza aliniambia hata mtoto anaiweza. Baadaye nilisoma kwamba ilianzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani mwaka 1999, kwa mikono ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2000. Wao walitaka chombo cha kuchunguzia sauti. Mimi nilitaka chombo cha kumpunguza Baba Mkubwa bila kumvunjia heshima.

Maana Baba Mkubwa naye alituma. Yeye alikuwa mgeni rasmi, meza ya mbele kabisa, lakini alirekodi salamu zake vilevile kwa hoja kwamba mtu akihutubia ana kwa ana hukatizwa. Dakika kumi na moja. Nyuma yake feni inavuma.

Sauti ukiifungua kwenye programu hizi huiona: mistari inayopanda na kushuka kama milima, unachagua kipande kwa kipanya, unakata, unabandika kwingine. Zamani kazi hii ilifanywa kwa wembe. Nasema kweli, wembe. Fundi wa redio alikuwa na utepe wa sumaku unaopita sentimita 19 kila sekunde, kwa hiyo neno la nusu sekunde lilikuwa na urefu wa sentimita tisa na ushei. Analitafuta kwa sikio, anaukata utepe kwa mshazari, anaunga kwa gundi. Akikosea, neno liko sakafuni. Mimi nikikosea nabonyeza Ctrl na Z, na programu inarudi nyuma hatua moja, na nyingine, na nyingine, mradi sijaifunga kazi. Usiku wa kwanza nilirudi nyuma mara nyingi hivi kwamba nilihisi nitafika 1999 nikawakute wale jamaa wawili.

Nikaanza na feni ya Baba Mkubwa. Kuondoa mvumo kuna hatua mbili. Kwanza unachagua kipande chenye mvumo mtupu, mahali ambapo mtu hasemi kitu, hata sekunde moja hutosha, unaiambia programu, "Adui ni huyu, mtazame vizuri." Kisha unachagua rekodi nzima, unasema, "Haya, mwondoe." Mimi niliangalia ile milima nikatafuta uliopanda kuliko yote, nikajiambia kelele si ndiyo hii. Ulikuwa ni Baba Mkubwa akisema "Hamjambo!" Nikaipa programu Baba Mkubwa awe ndiye adui.

Ikamshughulikia. Kilichobaki kilikuwa kama mtu anayetoa nasaha akiwa ndani ya mtungi, na mtungi uko ndani ya kisima. Maneno yanabubujika, yanapasuka kabla hayajafika. Nikabonyeza Ctrl na Z, na mzee akaibuka kisimani na feni yake.

Shemeji, yeye ana sauti nzito na anaongea kana kwamba kila neno amekopeshwa. Nikaona nimharakishe kidogo. Programu ina amri mbili za kuharakisha: moja huongeza kasi na sauti hupanda nayo, ukiongeza mara mbili inapanda oktava nzima; nyingine huongeza mwendo na kuiacha sauti kwenye kimo chake. Kwa majina zinafanana kama pacha. Nilichagua pacha asiye sahihi. Shemeji mwenye kilo zake zaidi ya mia akamtakia Shangazi maisha marefu kwa sauti ya kifaranga. Nakiri nilimwacha hivyo dakika tano nzima, nikimrudia na kumrudia, kabla ya kumrekebisha.

Kwa Babu nilifanya dhambi kubwa zaidi. Kuna amri inayotafuta ukimya na kuufupisha. Babu kwa umri wake husema maneno matatu, akatua, akatafakari, akasema mawili. Nikamfupishia. Dakika nne zikawa moja na nusu, na mzee wetu mpole akawa anatoa wosia kama mnadi anayetaka kufunga soko. Ndipo nilipoelewa kwamba nusu ya maana ya Babu imo kwenye kutua. Nikamrudishia kimya chake chote.

Baada ya siku nne nilikuwa na treki kumi na moja, yaani mistari ya sauti iliyopangwa mmoja chini ya mwingine: ndugu tisa, muziki, na utangulizi wangu mwenyewe. Utangulizi ule niliurekodi mara nyingi, na ili kila jaribio likae peke yake nilikuwa nimeweka tiki kwenye mpangilio unaosema kila ninaporekodi ifunguliwe treki mpya. Yale majaribio mabaya niliyafuta. Tiki niliiacha. Ishikeni tiki hiyo, nitarudi kwake.

Usiku wa mwisho nikamwita mke wangu tusikilize kazi yote kwa pamoja. Watoto wamelala, kwa hiyo tukagawana hedifoni, sikio moja lake, sikio moja langu, tukazima taa. Sasa, kwenye programu hii kitufe cha kucheza ni pembetatu ya kijani na cha kurekodi ni duara jekundu, viko kwenye mstari mmoja. Mimi nikabonyeza duara.

Mtu angetarajia kitu kipige kelele. Hakuna. Ukirekodi huku kuna treki nyingine, zile nyingine hucheza kama kawaida, ili mwimbaji aweze kuimba juu ya gitaa alilokwisha kupiga. Ni jambo zuri sana kwa waimbaji. Tulisikia salamu zote, zimepangika, muziki umeshuka panapotakiwa. Tulifumba macho. Na maikrofoni ya laptopu, sentimita 40 kutoka midomoni mwetu, ikafumbua sikio.

Tulipomaliza nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, nikahifadhi, tukalala. Asubuhi nilifungua, skrini inaonyesha treki tano za juu, zote nazifahamu. Za chini sikushuka kuzitazama, za nini? Nikatoa faili la MP3. Unapotoa faili, programu huchanganya treki zote ambazo hukuzizima, zinakuwa sauti moja. Zote. Na sikulisikiliza lile faili kwa sababu jana yake nilikuwa nimekwisha kuisikiliza kazi nzima, tena na shahidi.

(Kabla ya hapo nilikuwa nimemtumia binamu faili la mradi lenyewe, ambalo hufunguka ndani ya programu tu, badala ya MP3. Akajibu: "Simu yangu imekataa kabisa." Simu yake ilikuwa na akili kuliko mimi.)

Ukumbini wageni walijaa, wengi ni waliowahi kuwa wanafunzi wa Shangazi, watu wazima wenye vitambi ambao bado wanasimama akipita. Nilikaa safu ya nyuma ili nione vizuri nyuso za watu. Mpiga muziki akachomeka flashi. Spika mbili kubwa kama makabati.

"Ndugu wageni waalikwa," nikaanza, kwa sauti nzito, "leo tumekusanyika..."

"Hii sauti umeitoa wapi?" akauliza mke wangu, kupitia makabati yote mawili. "Mbona kama unatangaza msiba?"

"Ndivyo watangazaji wanavyoongea," nikajibu, pia kupitia makabati.

Niligeuka kumtazama mke wangu aliyekaa pembeni yangu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zilikuwa zinaingia polepole.

Sisi ndio tuliokuwa karibu zaidi na maikrofoni kuliko mtu yeyote katika kazi ile, kwa hiyo tulisikika kuliko wote. Nikasimama nikampungia mpiga muziki mikono: shusha, zima, kata! Akaniona. Akatikisa kichwa kwa furaha, akaongeza sauti.

Akaja Babu. Ukumbi ukatulia kwa adabu. "Binti yangu," akasema Babu, akatua.

"Babu akitua," akasema mke wangu, "utadhani anavuka barabara. Anaangalia kushoto kwanza."

"Kulia pia," nikasema mimi.

Babu mwenyewe, kwenye kiti chake, akageuka kushoto. Halafu kulia. Sijui hadi leo kama alikuwa anatafuta wasemaji au anafanya mzaha, na kwa heshima sijamuuliza.

Nikaanza kupenya kuelekea mbele. Kati yangu na flashi kulikuwa na meza kumi na wageni waliokuwa wamesogeza viti wasikie vizuri. "Samahani. Samahani, mama. Samahani." Hakuna aliyesogea, watu walikuwa wanasikiliza. Nilikuwa nimefika meza ya nne alipoingia Baba Mkubwa.

"Na sasa kwa kumalizia," akasema Baba Mkubwa wa kwenye spika.

"Hiyo ya kwanza," nikasema mimi wa kwenye spika. "Hesabu. Ziko nne."

"Acha uongo."

"Nakuambia ziko nne. Na hapo nimekata tatu."

Shangazi alifundisha hisabati miaka 34. Ule ukumbi ulikuwa na watu waliofunzwa kuhesabu. Baba Mkubwa aliposema tena "kwa kumalizia," sauti chache zikanong'ona, "Mbili." Ya tatu ikapokewa na ukumbi mzima. Na ilipokuja "Basi, wapendwa, kwa kumalizia kabisa," wale wenye vitambi wakanyanyuka vitini wakapiga kelele, "NNE!" na kwenye rekodi mke wangu akaangua kicheko ambacho kilivuka sifuri ya desibeli, kikomo cha sauti ya kidijitali, spika zikakwaruza, mtoto mmoja akalia.

Baba Mkubwa wa meza ya mbele alikuwa ametulia tuli, anatazama keki.

Ningalifika. Nilikuwa nimebakiza meza mbili. Lakini programu, kwa utiifu wake, ikawahi kutoa sehemu ambayo nilikuwa nimekwisha kuikumbuka na nilikuwa nakimbia kwa ajili yake.

"Shangazi akisikia hii atalia," akasema mke wangu kwa upole.

"Shangazi?" nikasema. "Yule halii. Yule huliza. Waulize waliosahau kanuni ya Pythagoras."

Ukumbi haukucheka. Ulinguruma. Kuna bwana mmoja, nadhani ni mkuu wa ofisi fulani, alilala juu ya meza. Nami nilikuwa nimesimama katikati, mbele ya Shangazi, mikono juu, nimefika kwa mpiga muziki kwa kuchelewa sekunde tatu. Nikachomoa flashi. Kimya kikaanguka, na ndani ya kimya kile Shangazi akavua miwani, akanitazama vilevile alivyonitazama nikiwa na miaka tisa nikidai mbuzi amekula daftari.

Akaomba kipaza sauti.

"Nimesimama mbele ya ubao miaka 34," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia wazi yanayosemwa dawati la nyuma." Akavaa miwani. "Rudisha hicho kitu. Sijamaliza kusikiliza."

Nikarudisha. Zilibaki dakika tisa. Nilizisikiliza nimesimama palepale kama aliyewekwa kona, mke wangu akiwa ameingia chini ya meza kutafuta hereni ambayo hakuwa ameivaa.

Nyumbani niliifungua kazi, nikashuka chini, chini, na hiyo hapo: treki ya kumi na mbili, iliyofunguliwa na ile tiki, milima iliyopanda mpaka darini. Nikaizima, nikatoa faili safi, nikamtumia Shangazi na maneno marefu ya kuomba radhi. Akajibu baada ya dakika mbili: "Si hii. Ile yenye watangazaji."

Baba Mkubwa alikaa kimya wiki tatu. Nilishapanga niende kwake na mtu mzima wa kunisindikiza. Kisha jana usiku ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwake, dakika kumi na nne. Anasema binti yake anaolewa mwezi wa sita, salamu zake ndizo hizi, nizitengeneze. Anasema amesikia kwamba tatizo ni feni, na kwamba mashine inataka isikilizishwe feni peke yake. Kwa hiyo hapa katikati, anasema, atanyamaza sekunde kumi, nizitumie.

Akanyamaza. Feni ikavuma, safi kabisa, mvumo mtupu, moja, mbili, tatu, nikawa nahesabu nimeweka kipanya tayari. Kwenye sekunde ya saba akasikika Mama Mkubwa kutoka chumba cha pili:

"Unarekodi, au umelala tena?"