Saa Yako Iko Nyuma

Kuna kaduara. Nyote mnakajua. Kanazunguka katikati ya kioo cha kompyuta ukurasa wa mtandao unapokataa kufunguka, kama nzi aliyelewa mnazi, hakaendi wala hakarudi, na ukikakodolea macho unaanza kusinzia huku una hasira, hali ambayo sikujua kwamba mwili wa binadamu unaiweza.

Leo kamezunguka tangu saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwa heshima zangu, chai ya tangawizi pembeni, miwani nimeifuta, shati nimevaa. Ndiyo, shati. Ukurasa wa shule ya bintiyo haufunguliwi kifua wazi. Nuru anaingia kidato cha kwanza, bweni, na fomu ya kujiunga wameiweka mtandaoni. Nikamwambia mama yake: dakika mbili tu, nafungua, nachapa, nafunga. Saa tatu na nusu akapita na beseni la nguo, akauliza, "Baba Nuru, hizo ni dakika mbili zilezile au umeongeza nyingine?"

Mtaniambia nitumie simu. Simu anayo mdogo wake Nuru, anaangalia katuni, na katuni haikwami hata sekunde. Mtu mzima anatafuta elimu anazungushiwa kaduara. Mtoto anatafuta paka anayepigwa na kikaango, anapewa papo hapo.

Kompyuta ni ya mezani, mtumba wa Uingereza, niliinunua Kariakoo ikiwa bado na stika ya chuo cha huko. Ina RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya giga 4, ambayo muuzaji aliitaja kwa sauti ya mshenga anayetaja ukoo. Wakati ule giga 4 ilikuwa mali. Siku hizi Chrome, ile programu ya kufungulia kurasa, ikipanda tu, kama abiria mwenye magunia, wengine wote tunasimama.

Nimejaribu yote. Nimezima nikawasha. Nimechomoa waya nikaupuliza. Nimeipiga CPU kofi moja la kistaarabu ubavuni. Nimepiga huduma kwa wateja, wakaniwekea muziki mpaka nikaanza kuupenda, wakakata. Muuza genge akaniambia ni mtandao. Bodaboda aliyekuwa anapita tu, sikumwuliza, akasema ni mtandao. Siku hizi hata wali ukiungua unaambiwa mtandao unasumbua.

Basi nikamwita fundi.

Akaja kijana wa miaka ishirini hivi, begi mgongoni, suruali inamshuka kwa hiari yake. "Shikamoo, mzee." Marahaba. Hilo neno mzee sikulipenda, ila nililipokea kwa sababu nilikuwa nawaza punguzo. Akakaa kwenye kiti changu. Akasogeza chai yangu. Akaangalia kioo, akacheka peke yake.

"Mzee, huu mwaka gani?"

Nikadhani ananipima akili, nikamtajia mpaka na siku ya juma.

"Basi kompyuta yako iko 2009."

Kumbe! Asubuhi yote kila nikijaribu kufungua barua pepe ilikuwa inaniandikia: Saa yako iko nyuma. Nilidhani ni tusi. Nilidhani wameangalia mashine, wameangalia sebule, wakatoa maoni yao. Fundi akafungua ubavu wa CPU, akanionyesha kibetri cha duara, bapa kama sarafu, CR2032, volti 3. Kazi yake ni kutunza saa umeme ukikatika. Kimekufa, hivyo kila umeme ukirudi, mashine inarudi ilikozaliwa. Na kurasa zenye kufuli, yaani zilizolindwa, zina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine iliyo 2009 ukiionyesha cheti cha mwaka huu, inaona hiki hakijazaliwa, ni cha kufoji, inafunga mlango. Ukurasa wa shule hauna kufuli, ndiyo maana wenyewe angalau ulikuwa unazunguka.

Nilinyamaza kidogo kwa heshima ya mwaka 2009. Ndio mwaka ule waya wa Seacom ulipofika pwani yetu kwa chini ya bahari, tukaambiwa habari ya setilaiti na kusubiri imekwisha, kuanzia leo mtandao unakimbia. Kompyuta yangu bado iko ufukweni inausubiri.

"Halafu mzee, una tabu nyingi sana."

Nikashusha pumzi. Mwishowe kuna kijana anayeona. Nikaanza kumweleza: kodi ya miezi sita, ada, mjomba anayejenga kwa pesa zangu...

"Tabu za Chrome, mzee. Umefungua 41."

Ah. Hizo. Moja ilikuwa bei ya mabati ya mwaka juzi. Moja ilikuwa namna ya kutibu kuku wa kienyeji, na kuku wenyewe tulishakula. Akazifunga zote bila kuniuliza, kama mgambo anavyobomoa vibanda. Kisha akasema, "Sasa tufute keshi."

"Keshi gani, mwanangu? Hii Januari."

Hakucheka. Vijana wa sasa hawacheki. Akanieleza kuwa keshi ni vipande vya kurasa ambavyo kompyuta inaviweka akiba ili kesho isivishushe upya, na kuifuta si dawa ya kila ugonjwa, wakati mwingine unajitia kazi mara mbili. Akaifuta hata hivyo. Nikaona niache kuelewa.

"Ruta iko wapi?"

Hapo ndipo nyumba ilipotaka kuvunjika.

Ruta, kile kidude kinachogawa mtandao nyumbani, iko sebuleni, juu ya friji, nyuma ya chombo cha maua ya plastiki, chini ya kitambaa cha kufuma chenye tausi wawili wanaotazamana. Fundi akafunua tausi, akagusa, akarudisha mkono haraka. "Mzee, hapa unakaanga yai." Taa zilikuwa zinapepesa kama mtu anayeomba msaada kwa macho. Akaeleza kwamba friji ni sanduku la chuma, na wimbi la mtandao usio na waya, la gigahezi 2.4, halipendi chuma wala kuta nene, na linagombana na maikrowevu kwa kuwa wako masafa yaleyale. Nikamjibu kwa fahari kwamba sina maikrowevu. Angalau tatizo moja la matajiri limenipita.

Mke wangu akatokea kutoka uani, mikono ina povu. "Nani ametoa kitambaa?"

Mtaalamu wa kompyuta akageuka kuwa mtoto wa darasa la pili. Akaninyooshea kidole mimi. Mimi!

"Kitambaa kile alikifuma mama," mke wangu akasema, "kwa mkono, miezi miwili. Wageni wakija waone nini, kidude cheusi kina pembe?"

Nilifungua mdomo nielezee habari ya gigahezi. Nikaufunga. Tukakubaliana ruta ihamie kwenye kabati la vyombo vya wageni, katikati ya nyumba, kitambaa kikae chini yake, na tausi wabaki kuonekana vichwa. Fundi akaunganisha kompyuta yangu kwa waya kabisa, tusiombe wimbi lolote lipite popote. Nikajua sasa tumemaliza. Kaduara kakaendelea.

Fundi akaandika namba fulani pale juu, 192.168.1.1, tukaingia tumboni mwa ruta yenyewe. Kuna orodha humo ya kila aliyejiunga. Mimi nilitegemea vitatu: kompyuta, simu, na labda simu ya mke wangu.

Vilikuwa 17.

Fundi alivisoma kwa sauti, taratibu, kama anaita majina msibani. Tecno nne. Infinix tatu. Kimoja kinaitwa "Simu ya Bosi". Kimoja kinaitwa "KINYOZI". Na televisheni ya inchi 55. Mimi televisheni yangu ni ya chogo! Sijawahi kumiliki inchi 55 za kitu chochote isipokuwa shuka. Kuna mtu amekaa kwenye kochi lake, miguu juu ya meza, anaangalia tamthilia ya Kituruki kwa bando ninalolilipia mimi, na mimi niko hapa nimevaa shati.

"Paswedi yako ni ipi, mzee?"

Ni jina la Nuru na mwaka aliozaliwa. Lakini sijampa mtu. Nikamwita mke wangu, naye akaanza kuikagua dari.

Ni mama mkwe. Alikuja Desemba kututembelea, akaenda kwenye kikoba cha kina mama pale mtaani, akawakuta wanalalamika bando limepanda, akaona mkwewe ana neema. Aliigawa mlango kwa mlango. Mke wangu anasema alipomwuliza, alijibu, "Mtandao ni kama chumvi, mwanangu. Jirani akiomba, humnyimi." Na mama mkwe hakemewi. Mama mkwe anashukuriwa, anaulizwa magoti yanaendeleaje, anatumiwa nauli.

Nikamwambia fundi, badilisha. Akabadilisha, herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama ya mshangao. Nikaiandika kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya soksi.

Hazikupita dakika tano, hodi.

Kinyozi. Amekuja mbio, mashine ya kunyolea mkononi, waya unaburuzika. Nyuma yake, barabarani, mteja wake na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado ni msitu, ameshika simu juu kama anatafuta mwezi wa Ramadhani. "Shikamoo, baba Nuru. Samahani. Eti mtandao kwako uko sawa?"

Hodi. Mama wa nyumba ya pili, kanga kifuani. "Jamani, na kwenu umekata? Ilikuwa ndiyo anataka kumtaliki!" Nikawaza inchi 55. Hodi. Mtoto ametumwa. Hodi. Mzee wa msikitini, na yeye! Nikasimama mlangoni, nikajiweka sawa shati, nikawatazama wote, majirani zangu wa miaka kumi na moja, walionizikia baba yangu. Nikafikiria kuwaambia ukweli. Ulifika mpaka hapa kooni.

"Mtandao unasumbua," nikasema. "Nchi nzima."

Wakaguna kwa huruma. Mzee akakumbuka Mei 2024, zile nyaya mbili zilipokatika baharini, tukakaa siku kadhaa tajiri na maskini sote kaduara kamoja. "Huenda ni papa," akasema. Wakaondoka wameridhika. Kinyozi aliuliza kama nitamjulisha ukirudi. Nikamwahidi. Mungu anisamehe.

Nikarudi kwa fundi nikiwa na mtandao wangu peke yangu, mfalme. Kaduara kanazunguka.

Hapo, ndugu zangu, ustaarabu ulikwisha. Nilisema neno ambalo sijalisema tangu jeshini. Mke wangu akafunga mlango wa uani ili watoto wasisikie.

Fundi akabonyeza F12, likafunguka dirisha la ajabu linaloonyesha kila kipande cha ukurasa na uzito wake, kama mizani ya buchani. Picha ya mkuu wa shule anakata utepe: megabaiti 7. Picha ya mkuu wa shule anapanda mti: megabaiti 6. Picha ya mkuu wa shule na mgeni rasmi, wote wanauangalia mti uleule: megabaiti 5. Zimetoka kwenye kamera zikaingia mtandaoni moja kwa moja, hakuna aliyezipunguza hata nukta, na kwenye ukurasa zinaonekana ukubwa wa stempu. Fomu iko chini yake, ina kilobaiti 90. Nimesubiri nusu siku nyuma ya mti.

Nikasema, lakini mimi nalipia 10 kwa sekunde! Fundi akasema hizo ni megabiti, mzee, siyo megabaiti. Nane zao ndiyo moja yetu. Kwa hiyo 10 yako ni 1.25, na hiyo ni siku ikiamka vizuri. Nikakaa chini. Ni lile kopo la mchele lililogongwa kitako, nalijua, lakini sikujua limefika mpaka kwenye hewa.

Tena shule yenyewe iko mwendo wa saa nne tu kwa basi, ila ukurasa wake umepanga chumba kwenye kompyuta iliyoko Ujerumani. Kila ombi langu linavuka bahari, linapiga hodi, linakaribishwa, ndipo linataja shida yake. Wajerumani wanamtazama mkuu wa shule anapanda mti, kisha wanamtuma kwangu.

Fundi akazima picha zote kwenye mipangilio. Fomu ikafunguka kabla sijavaa miwani. Elfu kumi na tano, na kibetri elfu mbili. Punguzo alikataa.

Sasa nisomeeni hii fomu. Ndoo mbili zenye mifuniko. Fagio la chelewa. Rimu moja ya karatasi. Reki. Jembe, na wamepigia mstari, lenye mpini. Nuru anakwenda kusoma fizikia! Halafu hesabuni nami: wanafunzi mia moja ishirini kila mwaka, kila mmoja na jembe, miaka minne, hayo ni majembe 480, na mimi nimeiona shule ile, shamba lake ni kiwanja cha netiboli kilichoota mchicha pembeni. Majembe yanakwenda wapi? Jirani yangu mwaka jana alipeleka lisilo na mpini, akarudishwa nalo getini, akaacha jembe kichakani akarudi mjini na mtoto analia. Na mpini siku hizi wanauza peke yake, kama chaja.

Mke wangu anauliza reki iwe ya chuma au ya plastiki. Nimeangalia mbele, nimeangalia nyuma. Chini kabisa wameandika: kwa maelezo zaidi tembelea ukurasa wetu.

Na fundi ameshapanda bodaboda.