Kamati za Harusi, Mwacheni Kijana Aende Karume

Kijana wa nyumba ya pili amekuja kuniomba nimkopeshe hela ya suti. Amechaguliwa mpambe wa bwana harusi, na kamati imeamua wapambe wote wanunue suti mpya, duka moja, rangi moja, malipo kabla ya mwisho wa mwezi. Kijana anaendesha bodaboda ya mtu. Mchango wa harusi hiyo hiyo ameshautoa. Hasira zilinipanda, na si kwake.

Suti yenyewe nimeiona. Poliesta tupu, inang'aa chini ya taa za duka, na jua la Dar likiipiga saa nane mchana mvaaji ataloa jasho mgongo mzima. Halafu kuna lile lisiloonekana. Ndani ya kifua cha koti huwekwa kitambaa kigumu cha kulipa umbo. Kwenye makoti mengi ya bei ya chini kitambaa hicho hugandishwa kwa gundi; gundi ikiachia baada ya kufuliwa na kupigwa pasi ya moto, kifua huota vipovu, na hakuna fundi wa kuvitoa. Hicho ndicho kinachouzwa kwa jina la "mpya".

Nenda Karume, soko la mitumba la hapa Dar. Au Memorial kwa walio Moshi, au Gikomba kwa ndugu zetu wa Nairobi. Kwenye mitumba kuna suti za sufu ambazo mwenyewe alizivaa mara chache huko Ulaya akazitoa. Soma lebo ya mfuko wa ndani: ikisema wool, Wolle, laine au lana, umeshika sufu. Finya kitambaa mkononi ukiachie. Sufu nzuri hujinyoosha yenyewe. Kagua kwapani, makalio na katikati ya miguu ya suruali, ndiko nguo inakoanza kuisha. Tundu la nondo, rudisha.

Sasa mabega, na hapa naomba mnisikilize. Kila kitu kingine kwenye koti fundi anakimudu. Kiuno atakibana kwa mishono ya pembeni, mikono ataipunguza, suruali ataikata pindo, na kama mshono wa nyuma una kitambaa cha akiba atakupanulia kidogo. Lakini bega likiwa kubwa, lazima ang'oe mkono mzima, afungue bitana, atoe pedi, akate upya, kisha arudishe mkono bila kuukunja. Mafundi wanaoiweza kazi hiyo wapo, ni wachache, na watakutoza bei ya koti jingine. Kwa hiyo vaa koti juu ya shati jembamba, simama ubavu kwa ukuta, usogee polepole. Pedi ikigusa ukuta kabla ya mkono wako, livue, hata kama rangi imekuua. Mshono wa bega uishie pale mfupa wako unapoishia. Wauzaji watakwambia "utanenepa tu, litakukaa". Usikubali. Nimeona maharusi wengi mno wamevaa mabega ya watu wengine, na picha zile zinakaa ukutani sebuleni miaka yote.

Urefu wa koti nao usiuguse. Likikatwa, mifuko inabaki chini mno. Rangi ni bluu ya giza au kijivu, basi.

Najua mtaniambia mitumba iliua viwanda vyetu. Sikatai kwamba ilichangia. Kiwanda cha nguo cha Urafiki tunakikumbuka, Mwatex ya Mwanza pia, na mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba kidogo kidogo, Rwanda ikapandisha ushuru kweli na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Lakini ile suti ya poliesta haikutoka Urafiki. Imeshuka bandarini kama mtumba ulivyoshuka. Tofauti ni kwamba ukinunua mtumba, fedha inayobaki unampa fundi wa mtaani kwako, mwenye cherehani yake na watoto wake wa kusomesha.

Kwa hiyo kamati tangazeni rangi, na muishie hapo. Bluu ya giza ya Karume na bluu ya giza ya Kariakoo zikisimama pamoja kanisani hakuna mgeni atakayetoka kwenye benchi kuzipima.

Na ambaye sufu imemshinda kabisa, apeleke kitambaa kwa fundi ashonewe Kaunda suti ya mikono mifupi. Haihitaji tai, na kwa joto la Pwani ina akili kuliko koti lolote. Novemba 2023 Spika Wetang'ula aliipiga marufuku katika Bunge la Kenya wakati Rais Ruto mwenyewe akiivaa kwenye shughuli za serikali. Wazee wetu waliivaa ofisini na harusini, na waliheshimika.